Debe la Shayiri la Ruthu

(Mazungumzo na waandishi chipukizi wa kanisa, Jumamosi asubuhi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu pale nilipokohoa na pale maiki ilipokata.)

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mchungaji, asante kwa nafasi hii, na asante kwa kunitahadharisha kwamba chai ni saa nne kamili, maana najua nikipitiliza hapo nitabaki nahutubia viti.

Nimeombwa niseme juu ya riwaya za mapenzi zinazotokana na visa vya Biblia. Nilipopigiwa simu niliulizwa, kwa upole kabisa, kama mada hiyo inafaa kusemwa kanisani. Nikajibu kwamba Ruthu alijilaza miguuni pa mwanamume kwenye uwanja wa kupuria nafaka, usiku wa manane, na kitabu chake tunakisoma ibadani bila kupunguza sauti. Sikuulizwa tena.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Hadithi yangu ya kwanza niliiandika kwenye daftari la shule, na ilikuwa ya Ruthu, yule mjane Mmoabi aliyemfuata mkwewe Naomi mpaka Bethlehemu, akaokota masuke katika shamba la Boazi. Nilikuwa nimesoma ile sura ya pili, pale Boazi anapomkaribisha Ruthu chakula cha mchana na wavunaji wanampitishia bisi, "akala akashiba, hata akasaza." Bisi! Mimi bisi nilizozijua ni zile za stendi, za kwenye vifuko vya nailoni. Nikasema basi, shamba la Boazi ni la mahindi. Nikalipanda mahindi kurasa kumi na mbili nzima. Boazi wangu alimwona Ruthu kwa mara ya kwanza katikati ya mistari ya mahindi, mbelewele zimemnasa nyweleni, na nilijiona nimefika.

Daftari nikampa mama mmoja wa kanisani kwetu. Huyo mama alikuwa amelima shayiri upande wa Karatu kwa miaka mingi, shayiri ya kuuzia watengeneza bia, jambo ambalo kanisani hatukulizungumza sana. Alisoma usiku mmoja, akanirudishia asubuhi. Akaniambia: "Binti, mahindi yametoka Amerika. Daudi mwenyewe hakuwahi kuyaona." Nikanywea. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya mwandishi: "Na huyu Ruthu wako ameshinda shambani tangu asubuhi, mbona hawashwi?"

Kumbe suke la shayiri lina ndevu. Ndevu ndefu, ngumu, zenye meno madogo ambayo macho hayayaoni lakini ngozi inayajua. Zikiingia kwenye mkono wa nguo zinapanda juu, hazishuki. Jua likiwaka, jasho likichanganyika na vumbi la makapi, shingo inakuwa kama imepakwa upupu. Huyo mama alinionyesha kiwiko chake, akasema miaka hiyo yote hakuwahi kumaliza msimu wa mavuno bila vipele.

Nikarudi kusoma sura ya tatu. Naomi anamwambia mkwewe: oga, jipake mafuta, vaa nguo zako, ushuke uwanjani. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kama watu wote, kama mama anayempamba msichana. Sasa nikaona kitu kingine. Huyu binti amekuwa akiokota masuke tangu mavuno ya shayiri mpaka yakaisha ya ngano. Kwa majuma hayo yote alilala na makapi shingoni. Naomi anaposema "oga", anasema: leo kazi imekwisha. Kabla ya manukato kuna mwasho. Ukiandika manukato ukaruka mwasho, umeandika tangazo la sabuni.

Neno langu la leo ndilo hilo, na mengine yote nitakayosema ni kulizunguka tu. Mapenzi ya Biblia yamo ndani ya kazi, deni, kipimo na sheria. Mwandishi anayeyatafuta machoni na midomoni huwa anarudi na mahindi.

Chukueni kipimo. Ruthu 2:17 inasema aliokota mpaka jioni, akayapura aliyoyaokota, yakapata kama efa moja ya shayiri. Efa wataalamu huikadiria kuwa lita 22 hivi. Debe letu la sokoni ni lita 18 mpaka 20. Kwa hiyo mwanamke mgeni, siku yake ya kwanza, kwa kuokota vilivyoangushwa na wengine, amepata debe la kujaa na nyongeza juu. Kilo kumi na tatu hivi. Halafu akajitwika akapanda nalo mjini. Nani hapa amewahi kubeba debe kichwani na kupanda mlima? Mama zangu wa nyuma naona mnacheka. Ninyi ndio mngeiandika sura hii, kwa sababu mnajua shingo inasemaje.

Na lile debe halikuja lenyewe. Sheria ilimpa mjane na mgeni haki ya kuokota nyuma ya wavunaji, ipo Walawi 19 na Kumbukumbu 24. Lakini sheria haikusema debe. Boazi aliwaambia vijana wake wachomoe masuke katika matita waliyokwisha kufunga, wayaache chini makusudi, wala wasimkemee. Ruthu hajui. Anaokota anadhani ni bahati yake. Ile ndiyo barua ya mapenzi ya Boazi, kama mnataka barua, na imeandikwa kwa masuke, na anayeisoma hajui kwamba ameandikiwa. Sasa kuna mwandishi gani, wa nchi gani, angeweza kubuni kitu kizuri kuliko hicho? Imo mle, aya ya 16, inatungoja.

Halafu ile "akasaza". Ruthu alikula bisi akashiba, akabakiza. Kwenye aya ya 18 anafika nyumbani, anamwonyesha Naomi shayiri, kisha anatoa kile alichobakiza. Maana yake alikiweka mahali. Pindo la nguo, kona ya shuka, tuseme. Alasiri yote akiinama na kuinuka alikuwa na konzi ya nafaka ya kukaanga aliyoifungia mkwewe. Mtu aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa: ni mama anayerudi kutoka msibani na kipande cha nyama kwenye leso kwa ajili ya mtoto aliyebaki nyumbani. Bisi hizo, kwa njia, zilikuwa nafaka ya kukaanga, shayiri au ngano. Watafsiri wetu hawakukosea. Ni sisi tuliolibana neno likabaki na mahindi peke yake.

Jambo jingine ambalo ramani itawapa. Bethlehemu iko juu, mita 700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Moabu nako ni juu. Kati yao kuna Bahari ya Chumvi, ambayo ufuko wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari. Wale wajane wawili waliteremka zaidi ya kilomita moja kwenda chini, wakapanda tena zaidi ya kilomita moja. Na Biblia imeipa safari hiyo sentensi moja tu, "basi hao wawili wakaendelea mpaka wakafika". Huo ni mlango wazi, ingieni. Lakini kilichonishika mimi zaidi ni kwamba kutoka vilima vya Bethlehemu, siku isiyo na vumbi, milima ya Moabu inaonekana ng'ambo. Kwa hiyo Ruthu akinyoosha mgongo shambani, akageukia mashariki, anaona kwao. Kila siku. Yale maneno makubwa ya njiani, "wewe uendako nitakwenda", aliyasema mara moja, lakini ilimpasa kuyashika kila alipoinua kichwa. Riwaya inaanzia hapo.

Na Boazi je? Vijana wengi mnamwandika kijana wa miaka ishirini na tano, kifua kipana, ndevu zimechongwa. Biblia inamfanya amwite Ruthu "binti yangu", na kumshukuru kwamba hakuwafuata vijana, maskini wala tajiri. Ni mtu mzima huyo. Pengine magoti yanamuuma akiamka. Na kuna jambo Mathayo analisema ambalo wahubiri huliruka wakikimbilia Daudi: Mathayo 1:5 inamtaja mama yake Boazi kuwa Rahabu. Wengi humtambua kuwa ni yule wa Yeriko, mwenye kamba nyekundu dirishani. Kama ndiye, basi Boazi amelelewa na mama mgeni. Amewasikia wanawake wa kisimani wakinyamaza mama yake akifika. Anapouliza, "Msichana huyu ni wa nani?" na kujibiwa, "Ni yule Mmoabi," lile neno "Mmoabi" linaingia katika sikio ambalo limekwisha kusikia "Mkanaani". Sheria ya Kumbukumbu 23 ilikuwa kali kwa Wamoabi, haikuwataka katika kusanyiko. Mtoto wa Rahabu anajua sheria, na anajua pia mkate wa mama yake.

Sasa uwanjani, usiku. Najua ndiko mlikokuwa mnaningoja. Ruthu anamwambia Boazi atandaze juu yake upindo wa vazi lake. Kwa Kiebrania neno ni *kanaf*, maana yake upindo, na maana yake pia bawa. Na Boazi mwenyewe, sura iliyotangulia, alikuwa amemwombea shambani mbele ya watu kwamba Mungu wa Israeli, ambaye amekimbilia chini ya mabawa yake, amlipe. Neno ni lile lile. Ruthu hapa anamrudishia mzee maneno yake: uliomba nifunikwe na bawa, haya, bawa ni lako, funika. Mimi ninaposoma pale huwa nacheka peke yangu. Kina dada, mtu asiwaambie kwamba wanawake wa Biblia hawakuwa na ulimi.

Na kisha hakuna zaidi. Mwandishi wa kitabu anajua anatembea kwenye ukingo. Maneno anayoyachagua yana joto, miguu, vazi, giza, kulala hata asubuhi. Lakini Boazi anasema yupo jamaa wa karibu kuliko yeye, mwenye haki ya kwanza. Usiku wote ule wamelala na jina la mtu wa tatu katikati yao. Ukitaka msomaji asishushe kitabu, usimpe busu. Mpe yule jamaa wa karibu. Asubuhi Boazi anampimia vipimo sita vya shayiri kwenye shela, kwa sababu hatakiwi kurudi kwa mkwewe mikono mitupu. Wazee, mnalielewa hilo kuliko profesa yeyote: ni nani hapa aliyekwenda kwa wakwe mikono mitupu akaolewa au akaoa?

Huyo jamaa wa karibu, kwa njia, hana jina. Boazi anamwita langoni kwa maneno ya Kiebrania *peloni almoni*, yaani fulani bin fulani. Neno letu "fulani", lililotufikia kupitia Kiarabu, ni ndugu wa hilo *peloni*. Mtu aliyekataa kumtwaa Ruthu asiharibu urithi wake amekumbukwa kwa jina la Fulani mpaka leo. Nimependa sana adhabu hiyo, na sijaona sababu ya kumbatiza jina kwenye riwaya. Mwacheni Fulani.

Tuhame Ruthu kidogo, tumwendee Hosea, kwa sababu shayiri ipo huko pia, na mimi sijawahi kuona mtu akiziunganisha shayiri hizi mbili.

Hosea nabii wa kaskazini, karne ya 8 kabla ya Kristo, aliagizwa kumwoa Gomeri binti Diblaimu, mwanamke wa uzinzi. Wakazaa. Mwanamke akaondoka. Katika sura ya tatu Hosea anaambiwa akampende tena, naye anakwenda kumnunua: vipande 15 vya fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri. Simameni hapo hapo. Kwa nini fedha na shayiri? Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinaweka fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe kuwa shekeli 30 za fedha, na wafafanuzi wengi wameona kwamba Hosea alikuwa anatafuta thamani kama hiyo. Fedha yake ilifika nusu. Nusu iliyobaki akaijazia ghalani. Hivyo ndivyo ninavyoisoma mimi, na kama nimekosea, basi nimekosea pamoja na wenzangu.

Ezekieli 45 inasema homeri ni efa kumi. Kwa hiyo homeri moja na nusu ni efa 15. Kwa vipimo vyetu ni karibu magunia matatu. Nabii amefagia ghala. Watoto wao Yezreeli, Lo-ruhama na Lo-ami wamebaki nyumbani wanatazama chakula cha miezi kikipakiwa punda kwenda kumkomboa mama aliyewaacha. Na sasa rudini kwa Ruthu: efa 15 ni siku kumi na tano za mgongo wake, na hizo ni siku za Boazi kumwangushia masuke. Mapenzi kwenye vitabu hivi yana uzito wa kilo, mnaona?

Wamarekani walikiona kisa hiki kabla yetu. Francine Rivers alikichukua akakihamishia California ya miaka ya 1850, wakati wa wachimba dhahabu, katika riwaya yake *Redeeming Love* iliyotoka 1991, na mwaka 2022 ikaonyeshwa sinema. Hosea wa humo ni mkulima, Gomeri ni msichana aliyeuzwa danguroni tangu utotoni. Kabla yake, 1979, Mkanada Janette Oke alikuwa ametoa *Love Comes Softly*, na wengi huihesabu hiyo kuwa ndiyo iliyofungua soko la kisasa la riwaya za mapenzi ya Kikristo za nyakati zilizopita. Nawataja ili mjue mlango ulikwisha kufunguliwa, msiombe radhi kuingia. Ila mimi nina lawama moja kwa kuhamia kwenye dhahabu: dhahabu ni kitu kidogo. Inaingia mfukoni. Magunia matatu ya shayiri hayaingii mfukoni, majirani wanayaona yakipita, na aibu ya Hosea imo katika kuonekana huko.

Wala msidhani aina hii ya hadithi ni uzushi wa juzi. Mwanzo 41:45 inasema Farao alimpa Yusufu mke, Asenathi binti Potifera, kuhani wa Oni. Basi, hakuna zaidi. Mtu mmoja wa kale, aliyeandika Kiyunani, hakuvumilia. Akauliza: mcha Mungu aliyemkimbia mke wa Potifa amekubalije binti wa kuhani wa miungu? Akaandika hadithi nzima. Asenathi ana miaka 18, anaishi juu ya mnara na wasichana saba, amewakataa wachumba wote, na Yusufu naye Asenathi anamdharau: mtoto wa mchungaji wa Kanaani! Kisha kutoka dirishani anamwona Yusufu akiingia na gari la farasi, magoti yanamlegea. Anashuka ambusu, Yusufu anaweka mkono kifuani pake, anamzuia, kwa sababu midomo hiyo inabusu sanamu. Asenathi anapanda juu akilia, anatupa miungu yake dirishani, chakula cha dhabihu anawatupia mbwa, anakaa kwenye majivu siku saba. Kutoka mbinguni anakuja mgeni na sega la asali, nyuki wanamzunguka. Wanazuoni wanabishana iliandikwa lini, lakini katika karne ya 6 ilikuwa tayari imetafsiriwa Kisiria. Kuna dirisha, kuna kukataliwa, kuna machozi, kuna harusi mbele ya Farao. Chombo chote kilikuwa kimekamilika zaidi ya miaka 1400 iliyopita.

Na pwani yetu? Utenzi wa Yusufu uliimbwa na kunakiliwa kwa hati za Kiarabu na washairi Waislamu kwa sababu Kurani, sura ya 12, inakiita kisa chake kizuri kuliko visa vyote. Mathias Mnyampala wa Dodoma alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Kwa hiyo Kiswahili kinajua kubeba kisa cha nabii. Ambacho hakijabeba sana ni kisa hicho kwa nathari, si kwa shairi, kwa kituo, na mwanamke akiwa katikati.

Yakobo na Raheli nitapita haraka, maana kila harusi mnamsikia. Ila rekebisheni kosa moja ambalo hata MC hulisema: Yakobo hakungoja Raheli miaka 14. Alitumika saba, akapewa Lea gizani, akamaliza juma la Lea, akapewa Raheli, kisha akatumika saba nyingine za deni. Mwanzo 29, someni wenyewe. Kwa mwandishi tofauti ni kubwa, kwa sababu zile saba za pili analipa kwa ajili ya mke aliye naye tayari, na mke wa kwanza anamwona akilipa. Labani ni mjomba wake. Aliyemdanganya ni mjomba, ndugu wa mama yake, na anajitetea kwamba kwetu mdogo hatangulii mkubwa. Hapo ukumbini najua wapo ambao mahari yao ilipigwa danadana na wajomba. Lea na Raheli pia walikuja kununuliana usiku mmoja wa mume kwa tunguja alizookota Reubeni. Yule Lea ndiye anayestahili riwaya, si Raheli. Nimesema.

Sasa niwakemee kidogo. Yapo masimulizi ambayo si ya mapenzi, na kuyavika mapenzi ni dhambi ya kalamu. Bathsheba, mke wa Uria. Nimesoma miswada mitatu ya vijana, yote mitatu Bathsheba anamtazama mfalme kutoka bafuni kwa kope zilizoinama. Fungueni 2 Samweli 11. Daudi aliona, akauliza, akatuma, akamtwaa. Katika sura hiyo yote Bathsheba anapewa maneno mawili tu ya Kiebrania, kumpelekea habari kwamba ana mimba. Nabii Nathani alipokuja kumkemea Daudi hakumwita Bathsheba mpenzi. Alimlinganisha na mwanakondoo wa maskini, aliyechinjwa. Hamuwezi kuwa wapole kwa Daudi kuliko Nathani. Esta naye: mabinti walikusanywa kutoka majimbo yote, wakapakwa mafuta ya manemane miezi sita na manukato miezi sita, kila mmoja akaingia usiku mmoja kwa zamu yake. Andikeni woga wake, andikeni akili yake, andikeni yule binamu yake Mordekai akizunguka nje ya ua kila siku aulize hali yake. Lakini msiniambie alimpenda mfalme Ahasuero kwa mtazamo wa kwanza.

Mchungaji aliniuliza jana, na ni swali la haki: je, tukibuni maneno ya Ruthu hatuongezi juu ya Andiko, nasi tumeonywa katika Ufunuo 22? Nilimjibu kwamba Pasaka iliyopita yeye mwenyewe alitusimulia jinsi Petro alivyokohoa kwa moshi wa moto wa makaa. Hakuna kikohozi cha Petro katika Yohana. (Kicheko. Mchungaji pia alicheka, niliandika hapa ili kumbukumbu iwepo.) Tulijua anatusaidia kuona, wala hatukwenda nyumbani kuandika aya mpya. Kanuni yangu ni nyembamba: palipoandikwa, sibadilishi, palipo kimya, naingia na viatu mkononi. Na kwenye ukurasa wa mwisho nasema wazi kipi ni Andiko na kipi ni changu, ili binti wa kidato cha pili asije akabishana na mwalimu wa dini kwa ushahidi wa kutoka kwangu.

Kuhusu lugha. Wapenzi wenu wanaongea kama filamu iliyotafsiriwa. "Siwezi kuishi bila wewe, wewe ni kila kitu kwangu." Nani wa Bethlehemu, au wa Singida, aliwahi kusema hivyo akiwa na jembe mkononi? Boazi anasema: karibu ule, chovya tonge lako katika siki. Anasema: usiende shamba jingine. Anasema: ukiona kiu, nenda kwenye vyombo ukanywe walichoteka vijana. Hayo ndiyo aliyosema. Fedha pia mziangalie: katika nyakati za Ruthu na Hosea hapakuwa na sarafu, fedha ilipimwa kwenye mizani, kwa hiyo hakuna mtu wa kurusha sarafu wala kuhesabu noti. Na majira: mwaka 1908 huko Gezeri, mji wa kale wa nchi ya Biblia, kilichimbuliwa kibao kidogo cha jiwe la chokaa, cha karne ya 10 kabla ya Kristo, chenye orodha ya miezi kwa kazi za shamba. Umo mwezi wa kuvuna shayiri. Mtu aliandika mwaka wake kwa kazi. Jifunzeni kwake kabla ya kuandika "miezi mitatu baadaye".

La mwisho, halafu chai, naona Mama Mchungaji ameshaleta birika mlangoni. Nilisoma kitabu cha Ruthu chote nikitafuta kitenzi "kupenda" katika Kiebrania. Sura nne. Boazi hamwambii Ruthu anampenda. Ruthu hamwambii Boazi. Kitenzi hicho kimo mara moja tu, sura ya nne aya ya 15, mtoto Obedi amekwisha kuzaliwa, na wanaolitamka ni wanawake majirani wakimwambia Naomi: mkweo anakupenda, naye anakufaa kuliko watoto saba.

Kwa hiyo baada ya chai kila mtu achukue karatasi moja. Andika Ruthu akifika nyumbani jioni ya siku ya kwanza: debe kichwani, makapi shingoni, na ile konzi ya bisi aliyomfungia Naomi. Ukurasa mmoja. Neno "upendo" lisiwemo, wala "mapenzi", wala "moyo". Anayemaliza aniletee kabla ya saa sita. Mama zangu wa nyuma, ninyi msiandike. Njooni hapa mbele muwaambie hawa vijana debe linashushwaje kichwani bila kumwagika.